JIKO CHUMBANI MBEYA: NUSURA TULALE JUMLA!

Wewe mtoto wa Dar uliyezoea kulala kifua wazi huku feni ikikupepea, hebu sogea hapa tuongee. Kuna baridi, halafu kuna baridi ya Mbeya. Ile ya kwanza unavaa sweta, mambo yanakwisha. Hii ya pili unavaa sweta, koti, soksi jozi mbili na kofia ya sufu, unajigubika blanketi mbili, na bado meno yanagongana kama vikombe kwenye sinia la mama ntilie.

Mimi nilidhani watu wanatia chumvi. Siku nahamia Mbeya kikazi, mwezi wa sita, niliteremka kwenye basi na fulana moja na miwani ya jua. Kondakta akanitazama juu mpaka chini, akacheka. "Karibu kwenye friji, kaka," akaniambia.

Si utani, msomaji wangu. Jiji la Mbeya liko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, limeegemea mlima Loleza kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Iringa nayo imezidi mita 1,500. Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wa Mbeya huteremka chini ya nyuzi 10 bila kuomba ruhusa. Ukipanda zaidi hadi uwanda wa Kitulo, alfajiri unaweza kukuta majani yamevaa barafu nyeupe. Hiyo ni Tanzania hii hii ya minazi na madafu.

Sasa leo sikuletei stori za kukuchekesha tu. Nataka nikusimulie jinsi baridi hiyo ilivyotaka kututoa roho, mimi na mshikaji wangu, na nilichojifunza baada ya hapo kuhusu kupasha nyumba joto. Ukisoma ukaishia katikati, shauri yako.

USIKU WENYEWE

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Uyole, mimi na mshikaji wangu mmoja wa Temeke. Chumba safi tu: tofali za saruji, sakafu ya saruji, bati juu, dari hakuna. Ukilala chali unahesabu misumari ya bati. Kodi nafuu, mama mwenye nyumba mkarimu, kila alfajiri akipita na ndoo yake anatugongea mlango na salamu ya kwao, "Mugonile?" Maana yake mmelalaje, au mmeamkaje. Nasi wakuja tulishafundishwa kujibu, "Ndaga, mama."

Juma la pili likatushinda. Mshikaji akaja na wazo. Jioni akanunua mkaa wa miwati, akawasha jiko nje barazani. Tukasubiri moshi wote uishe. Si sisi ni wajanja? Tulishasikia kwamba mkaa ukishakolea, ukawa mwekundu bila moshi, hauna neno. Tukaliingiza jiko ndani katikati ya vitanda viwili. Tukaweka na beseni la maji pembeni, kwa sababu jamaa mmoja kazini alituambia maji hunyonya sumu. Halafu, kwa akili zetu timamu, tukasokota matambara chini ya mlango na kuziba nyufa za dirisha kwa magazeti ili joto lisitoroke.

Wallahi, ulikuwa usiku mtamu. Joto lilitua kwenye magoti kama mkono wa mtu anayekujali. Kwa mara ya kwanza nilivua kofia. Mshikaji akasema, "Mwana, tulikuwa wapi siku zote?" Tukacheka, tukalala.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipofumbua macho. Kichwa kilikuwa kinapigwa nyundo kutoka ndani. Tumbo limevurugika. Nikataka kuamka, miguu ikagoma. Yaani akili inasema simama, miguu inasema tumechoka. Wazo la kwanza: malaria. Wazo la pili, nakiri bila aibu: jinamizi, kuna mtu katuchezea. Wazo la tatu lilikuwa baya kuliko yote, nalo liliniambia, "Rudi ulale, utapata nafuu asubuhi." Nikafumba macho.

Kilichotuokoa ni salamu. Mama mwenye nyumba alipita kama kawaida yake. "Mugonile?" Kimya. Akagonga. Kimya. Akasikia mtu anakoroma mkoromo usio wa kawaida, naye anajua jana yake alituona na jiko barazani na sasa jiko halipo. Akamwita mwanawe, komeo likavunjwa kwa bega. Walituburuta nje kwenye umande kama magunia ya viazi. Nakumbuka anga, nakumbuka jogoo, nakumbuka yule mama akisema, "Wanangu, wanangu, nani kawadanganya?"

Mimi nilitapika, nikaanza kupata fahamu. Mshikaji wangu alichukuliwa hospitali hajitambui, akawekwa kwenye oksijeni. Aliamka mchana. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani kazima jiko?" Nikacheka huku machozi yananitoka.

ABIRIA ASIYESHUKA

Daktari alitukalisha chini na kutueleza kama watoto wa shule, na tulistahili.

Mkaa unapoungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikuwashi pua wala macho. Moshi ule mnaoukimbia ni bora mara mia, kwa sababu unakufukuza. Hii hewa haikufukuzi, inakubembeleza.

Sikia mfano alioutoa. Damu yako ni kama daladala. Kazi yake ni kuchukua abiria aitwaye oksijeni kwenye mapafu na kumshusha kwenye ubongo, moyo na misuli. Kaboni monoksidi ni abiria mkorofi: akipanda anashika kiti kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hashuki. Taratibu daladala linajaa wakorofi watupu. Linazunguka kituo kwa kituo, limejaa, lakini halimshushi yeyote mwenye faida. Ubongo unakufa njaa ya hewa wakati kifua kinapanda na kushuka kama kawaida.

Ukitolewa nje, wakorofi wale wanashuka polepole. Kwa hewa ya kawaida, inachukua saa nne hadi tano kupungua nusu yao. Kwa oksijeni safi ya hospitali muda huo unakatwa hadi kiasi cha saa moja na kitu. Ndiyo maana mtu hapelekwi kulala chumbani "apumzike". Anapelekwa hospitali mbio.

Nikamuuliza kuhusu mkaa uliokolea. Akatikisa kichwa. Hapo ndipo wengi wanapoponzwa, alisema. Mkaa ule mwekundu unaopendeza ndio kiwanda chenyewe. Hewa chafu ya chini inapopita katikati ya makaa yenye moto mkali hugeuka kuwa hiyo sumu. Moshi kuisha maana yake umepoteza kengele ya hatari, basi.

Na beseni la maji? Haliisaidii kitu, hewa hiyo haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kukuokoa. Na maziwa, je, maana jirani mmoja alitaka tunyweshwe? Maziwa yanakwenda tumboni, sumu iko kwenye damu. Isitoshe, kumnywesha asiyejitambua ni kumpalia. Kulala chini badala ya kitandani? Uzito wa hewa hiyo unakaribiana na wa hewa ya kawaida, inajaa chumba kizima, juu na chini. Hakuna pa kujificha.

Usidhani ni ushamba wa sisi wapangaji wa chumba kimoja tu. Émile Zola, mwandishi mkubwa wa Ufaransa, alilala na mkewe nyumbani kwao Paris mwezi Septemba 1902, moto ukiwaka chumbani na bomba la moshi limeziba. Asubuhi yeye alikutwa amekufa. Mkewe alikutwa mahututi, akapona. Mtu mwenye jina, mwenye hela, mwenye nyumba ya maana.

WENYEJI WANAFANYAJE?

Nilipopata nguvu nikaanza kujiuliza. Watu wameishi kwenye milima hii miaka na miaka. Hawakufa wote. Wanafanyaje?

Nilimuuliza mama mwenye nyumba. Akanishangaa. "Tunaota moto, mwanangu. Tukimaliza kuota, tunalala."

Kuota! Neno hilo tunalo tangu utotoni, kuota moto, kuota jua, na wala hatulifikirii. Kumbe lina elimu nzima ndani yake. Simama juani Mbeya saa mbili asubuhi. Hewa bado ina baridi ya kukata masikio, lakini shavu lililoelekea jua linasikia joto. Sogea kivulini hatua moja, joto limekwisha. Hewa ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mionzi ya jua haikufikii. Joto la namna hiyo husafiri kama mwanga, linanyooka, linavuka hewa bila kuihangaikia, linakugusa wewe, ukuta na sakafu.

Maana yake ni nini kwa mpangaji? Ni kwamba huhitaji kupasha chumba kizima ndipo upate joto. Unahitaji kitu cha moto kinachokutazama uso kwa uso. Na kinyume chake ni kweli vile vile: kitu cha baridi kinachokutazama kinakunyonya. Ule ukuta wetu wa saruji na lile bati tupu vilikuwa vinatuota sisi! Usiku wa Juni anga la Mbeya ni jeupe, nyota kibao, wingu hakuna. Bati linatupa joto lake angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Nawe uliyelala chini yake unalitupia lako. Hata uwashe nini, ni kumimina maji kwenye gunia.

Wahehe wa zamani kule Iringa walilijua hilo bila kwenda chuo. Walijenga matembe: nyumba za chini, kuta nene za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo. Moto wa jioni ukipasha udongo ule, unarudisha joto kidogo kidogo usiku. Sisemi ilikuwa peponi. Moshi uliwatesa macho na mapafu, na leo hakuna anayetaka kuurudia. Lakini lile wazo la kuta nene na paa linaloshika joto, sisi wa bati na tofali tumelitupa na maji ya kuogea.

SAFARI YA GANGILONGA

Nikasikia tetesi kwamba Iringa kuna nyumba za enzi za wakoloni zenye mahali pa kuota moto sebuleni, na chimni juu ya paa. Mwisho wa wiki nikapanda basi la asubuhi. Makambako, Mafinga, misitu ya misonobari ya Sao Hill haina mwisho, mchana niko Iringa.

Nilielekezwa mtaa wa Gangilonga, chini ya lile jiwe maarufu, kwa mzee mmoja fundi mwashi aliyestaafu. Nikamsalimu, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, kisha akaniongezea "Kamwene" ya Kihehe ili anipime. Sikuwa na jibu. Akacheka, akanitafutia kigoda.

Wazungu waliokuja nyanda hizi, Wajerumani kwanza, kisha Waingereza, na wale wa mashamba ya chai ya Mufindi, walijenga kama kwao. Sebule lazima iwe na tundu la moto ukutani, na bomba la kutoa moshi, yaani dohani, au chimni kama mafundi wanavyosema. Mzee alinipeleka kwenye nyumba moja aliyowahi kuikarabati. Mwenye nyumba, mama mmoja mwalimu, alituruhusu tukaingia.

"Angalia hapa," mzee akasema, akipiga magoti mbele ya tundu kama anaswali. "Unaona hizi pande mbili zimekaa upogo? Na ukuta wa nyuma haukuingia ndani sana? Moto ukiwa shimoni unapasha mawe. Moto ukiwa karibu, na pande zimefunguka kama mikono, joto linarushwa kwenu mliokaa."

Nilipotafuta baadaye nikakuta ufundi huo una mwenyewe. Ni Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyepewa cheo cha Count Rumford huko Ulaya. Mwaka 1796 alichapisha maandiko yake kuhusu meko za London. Meko za wakati huo zilikuwa mapango makubwa yanayokula kuni na kujaza moshi. Yeye akazifanya fupi kwa kina, pande za mshazari, koo la bomba jembamba. Moshi ukapanda vizuri, joto la mionzi likarudi chumbani. Watu wa London wakagombania mafundi.

Mzee wangu wa Gangilonga hakuwahi kumsikia Rumford. Alifundishwa na baba yake.

"Lakini sikiliza, mjukuu," akaniambia, sauti imebadilika. "Kabla ya kuwasha, panda juu. Ndege wanajenga viota humo. Popo wanalala humo. Masizi yanajaa. Bomba likiziba, hiyo siyo meko tena, hiyo ni jiko lako lile lile la mkaa lililovaa suti." Nikamkumbuka Zola. Mzee akaendelea: bomba lisafishwe kila mwaka kabla ya baridi, moto usiachwe ukiwaka watu wakaenda kulala, na hata kwenye meko nzuri, dirisha liachwe wazi kidogo, kwa sababu moto unahitaji hewa mpya na moshi unahitaji kusukumwa.

Nikamuuliza bei ya kujenga moja chumbani kwetu Uyole. Akanitazama kwa huruma. "Nyumba ya kupanga? Chumba kimoja? Mjukuu, wewe nunua blanketi."

UNAYEJENGA, SIKIA HAPA

Najua miongoni mwenu kuna waliokwisha kununua kiwanja, Iwambi au Kihesa, na sasa mnakusanya tofali. Basi kabla hujamlipa fundi, chukua haya.

Kwanza, jua ni la bure. Mbeya na Iringa ziko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi wa sita na wa saba jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Weka madirisha makubwa ya sebule na chumba cha kulala kaskazini. Jua likiingia likapiga sakafu ya saruji au ukuta mnene wa tofali za kuchoma, vinakunywa joto mchana na kulirudisha jioni. Jua likizama, shusha pazia zito, maana kioo nacho kinanyonya.

Pili, piga dari. Usiniambie utapiga mwakani. Dari inakaa katikati yako na lile bati linaloota nyota. Kwa hela ile ile, hakuna hita ya dukani inayoishinda.

Tatu, kama mfuko unaruhusu, kuna ufundi wa sakafu yenye joto. Wakorea wanao tangu zamani, wanauita ondol. Moshi wa jikoni ulipitishwa chini ya sakafu ya mawe kabla ya kutoka nje, nao watu wakakaa na kulala juu yake. Frank Lloyd Wright, msanifu majengo wa Marekani, aliota joto la sakafu ya namna hiyo alipokuwa Tokyo. Akaenda kulijaribu kwao, akatandika mabomba ya moto chini ya sakafu za nyumba zake miaka ya 1930. Siku hizi ni mabomba ya plastiki ndani ya zege, yanapitisha maji ya vuguvugu tu.

Lakini hata Wakorea walilipa. Karne ya 20 walipohama kuni na kuingia kwenye makaa ya mawe, nyufa za sakafu zilivujisha ile ile kaboni monoksidi, na watu wengi wakafia usingizini. Walipobadili na kutumia maji ya moto, na moto wenyewe ukahamishiwa nje ya chumba, ndipo wakapumua. Umeona? Korea, Paris, Uyole, somo ni moja. Joto liingie ndani, moto ubaki nje.

SISI WAPANGAJI, JE?

Hapa ndipo penye kasheshe, kwa sababu wengi wetu hatujengi, tunapanga. Turudi kwenye mahesabu.

Hita ya umeme ya wati 2,000 ukiiwasha saa nne kila usiku, inakula uniti 8. Kwa mwezi ni uniti 240. Zidisha mwenyewe kwa bei yako ya LUKU, kisha ulie kimya kimya. Zile hita za feni zinapasha hewa, na hewa hiyo inatoroka kupitia nyufa za bati kabla hujasema asante. Bora ile yenye vyuma vinavyowaka vyekundu, inayokuotesha uso kwa uso. Ya wati 800 kwa saa tatu ni uniti 2.4. Iweke mita moja au zaidi kutoka kwenye neti, pazia na shuka. Iende kwenye soketi ya ukutani iliyo nzima, usiichomeke kwenye ile ekstensheni yenye simu, redio na pasi. Na uizime kabla usingizi haujakuchukua.

Lakini ninachokitumia mimi ni mpira wa maji ya moto, unauzwa maduka ya dawa. Kuchemsha lita mbili za maji hakumalizi hata robo ya uniti. Jaza bila kufura, toa hewa, funga kizibo barabara, funika kwa taulo ili usijiunguze, ingiza miguuni nusu saa kabla ya kulala. Usitumie chupa ya soda, plastiki yake itanywea na kukumwagikia. Chini ya godoro tandika mkeka na blanketi kuukuu, kwa sababu sakafu nayo ni mnyonyaji. Vaa soksi na kofia. Mwenye kukucheka, subiri mwezi wa saba, atakuja kukuazima.

Kama lazima mkaa, uotee barazani. Pika nje, kaa nje, ota mpaka magoti yalie, kisha uingie kulala na jiko ulizime kwa maji au uliache huko huko. Haijalishi mkaa umekolea kiasi gani. Haijalishi una beseni. Haijalishi ni "dakika kumi tu kwa ajili ya mtoto". Watoto na wajawazito ndio wanaoumizwa haraka zaidi.

Na ukiona watu wa nyumba moja wote wanaumwa kichwa kwa mpigo, kichefuchefu, kizunguzungu, na wakitoka nje wanapata nafuu, acha kumtafuta mchawi. Fungua milango, toa watu, toa moto, wapeleke hospitali na useme wazi kwamba walikuwa na jiko ndani. Msaada wa Zimamoto na Uokoaji ni namba 114, bure.

BARAZANI KWA MAMA

Mshikaji wangu amepona, ila anasema baada ya usiku ule alikaa wiki kadhaa akisahau-sahau vitu. Siku nyingine anatania kwamba amesahau na deni langu. Hilo sikubali.

Jioni siku hizi tunakaa barazani na mama mwenye nyumba, jiko katikati, viazi vya Mbeya vinachomwa kwenye majivu. Tunaota mbele, mgongo unaganda, tunageuka kama mishikaki. Saa nne mama anasimama, anachukua kopo la maji, anamimina kwenye jiko mwenyewe mbele ya macho yetu. Tssss! Hatuamini tena, na simlaumu.

Kisha kila mtu na mpira wake wa maji ya moto, tunaingia ndani. Tuliomba dari, mama akakubali tuipige kwa kukatana kwenye kodi. Misumari ya bati siihesabu tena.

Na alfajiri ndoo inapita, mlango unagongwa. "Mugonile?"

Siku hizi tunajibu wote wawili, kwa sauti kubwa, hata kama bado tuna usingizi. "Ndaga, mama!" Hatusubiri agonge mara ya pili.